Kabla ya kusoma wastani, someni daftari la mahudhurio

Siku za Jumamosi nasaidia kufundisha Hisabati katika darasa la MEMKWA, la watoto waliokosa shule kwa wakati wake, kwenye shule moja ndogo ya serikali karibu na mwalo, pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, upande wa Ilemela, Mwanza. Mwaka jana nililichukua daftari la mahudhurio nikakaa nalo chini ya mwembe. Wiki moja alama za vema zimejaa ukurasa mzima. Wiki inayofuata wavulana hawapo. Baadaye wanarudi, kisha wanapotea tena. Nikasema huu ni utoro. Mama mmoja anayeuza dagaa pale jirani akaniambia, "Mwalimu, wewe angalia mwezi."

Nikaangalia. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa haiwavuti vizuri. Kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu mitumbwi inapumzika na wavulana wanakuja shule. Giza likiingia wanarudi ziwani, na asubuhi dada zao wako mchangani wanaanika.

Daftari hilo ndilo lililonijia kichwani siku ya kikao cha elimu, ofisa mmoja alipokuwa akisoma wastani wa alama za mtihani wa shule moja baada ya nyingine. Alipofika kwetu akasema, "Hawa ndio wanaotushusha." Walimu wetu wawili waliinamisha vichwa. Hakuna aliyeuliza wanaosoma pale ni akina nani. Iliniuma, na bado inaniuma.

MEMKWA, kwa asiyeijua, ni Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Waliokosa. Majaribio yake yalianza 1999, na unapokea makundi mawili: wenye miaka 11 hadi 13, na wenye 14 hadi 18. Hao wakubwa wanatakiwa kupita kwa miaka mitatu njia ambayo wenzao wanaipita kwa saba. Kwetu wapo ambao wazazi wao wanahama mwalo hadi mwalo, leo Kayenze, kesho Ukerewe, na barua ya uhamisho haijawahi kuandikwa. Yupo binti aliyetoka vijijini kuja mjini kufanya kazi za ndani. Wapo wanaoongea Kisukuma nyumbani, Kiswahili wanakifanyia kazi tangu salamu ya asubuhi.

Sasa weka mtihani wa darasa la saba mbele yao. Masomo sita, alama 50 kila moja, jumla 300. Ukipata 121 umefaulu kwa daraja C. Mtoto aliyeingia akiwa hajui kuunganisha silabi, akaondoka na alama 110, ameandikwa ameshindwa. Kazi yote ya mwalimu wake, kuanzia "ba be bi" hadi insha, haionekani popote kwenye ile karatasi.

Wapo wanaonijibu kwamba natetea uzembe. Hapana. Mimi ndiye nisiyetaka watoto hawa wapunguziwe chochote. Kuna kijana wa miaka 15 nilimwandikia ubaoni robo tatu ya 12. Akaiangalia, akaanza kubandua gamba la samaki lililogandia kwenye kidole chake, kimya. Nikafuta. Nikamwambia: mmerudi na ndoo 12, tajiri mwenye mtumbwi anachukua robo yake, nyie mnabaki na ngapi? "Tisa," akasema, hata sijamaliza kushusha mkono. Nikaandika tena ile ile ya mwanzo pembeni ya jibu lake. Alisimama akaja ubaoni mwenyewe, akaigusa ile tatu juu ya nne. "Kumbe ndiyo hii?" Huyu akili anazo. Kinachomkosesha alama ni usiku anaokosa kulala.

Na usiku huo si haki yake kuukosa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto kufanyishwa kazi kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Anayestahili kuulizwa kwa ukali ni anayempandisha mtumbwini, si mwalimu anayempokea akisinzia.

Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora. Nilifurahi. Lakini huku chini kupanga shule kunaendelea, vikaoni na kwenye makundi ya WhatsApp, na mwalimu mkuu anayesemwa kila mwaka atajifunza njia fupi ya kupandisha wastani: kutowapokea watoto wa namna hii. Tangu Novemba 2021 binti aliyejifungua ana ruhusa ya kurudi shuleni. Akibisha hodi kwa mkuu wa namna hiyo, ataambiwa nafasi zimejaa.

Ninachoomba kinaingia kwenye ukurasa mmoja. Pembeni ya alama za kila mtoto wa MEMKWA kiandikwe alianza na umri gani, siku ya kwanza alikuwa anaweza kusoma nini, na amehudhuria siku ngapi. Walimu wanavyo vyote hivyo, vimo madaftarini. Na sisi wa masomo ya ziada tupange ratiba kwa mwezi: siku za mbalamwezi tufundishe hadi jioni, giza likiingia tuwafuate mwaloni mchana na ubao mdogo, huku tukiendelea kuwadai wazazi na matajiri watoto wetu.

Kikao kingine kinakuja. Nimeshamwomba mwalimu mkuu anikubalie niende na lile daftari. Nitaomba lisomwe kwanza.