Saini Ambayo Mfalme Hakuiweka

Husomi habari za Mussolini, dikteta wa Italia, bila kukutana na neno "alipindua". Neno hilo linanikera. Mapinduzi gani hayo, kiongozi wake analala zake kwenye behewa la usiku kutoka Milano, anashuka Roma asubuhi na kwenda kumwona mfalme aliyemwita mwenyewe?

Tarehe 28 Oktoba 1922 maelfu ya Mashati Meusi, wanamgambo wa chama chake cha kifashisti, walikuwa nje ya Roma, wengi hawana silaha za maana, mvua imewalowesha chepechepe. Jeshi lilikuwepo. Waziri Mkuu Luigi Facta alishaandaa amri ya hali ya hatari, imebaki saini tu. Mfalme Vittorio Emanuele III akakataa kuiweka. Siku mbili baadaye Mussolini, mwenye miaka 39, akakabidhiwa serikali.

Lakini mfalme tusimlaumu peke yake. Uchaguzi wa 1919 Mussolini aliambulia patupu, hadi wasoshalisti wa Milano wakamfanyia mazishi ya mzaha, jeneza na yote. Aliyemfufua ni mzee Giovanni Giolitti, mkongwe aliyeshika uwaziri mkuu mara 5. Mwaka 1921 aliwaingiza wafashisti kwenye muungano wake wa uchaguzi, akiamini wakishaonja bunge watatulia. Wakatoka na viti 35.

Na si kwamba hakujua ni watu gani. Kwenye bonde la mto Po, wenye mashamba makubwa walikuwa wakiwafadhili vijana hao wachome ofisi za vyama vya vibarua. Silaha yao maarufu, ukiacha rungu, ilikuwa mafuta ya nyonyo. Mtu anatolewa kitandani usiku mbele ya mkewe na wanawe, anashikwa kichwa, anamiminiwa chupa kooni. Hawamuui (wengine waliuawa, ndiyo). Wanamwacha ajiharie, kesho akakutane na majirani. Polisi mara nyingi walikuwa wanaangalia kando.

Kinachonishangaza zaidi ni bunge. Novemba 1922 Mussolini aliwaambia wabunge usoni kwamba angeweza kuugeuza ukumbi wao kuwa kambi ya vikosi vyake. Wakamsikia, kisha wakampigia kura ya imani: 306 kwa 116. Mwaka uliofuata wakapitisha Sheria ya Acerbo: orodha itakayoongoza, ikifikisha asilimia 25 tu ya kura, ichukue theluthi mbili ya viti. Hakuna aliyevunja mlango hapo. Walifungua wenyewe, wakamkabidhi na funguo.

Giacomo Matteotti, mbunge wa kisoshalisti, alisimama bungeni 30 Mei 1924 kupinga uchaguzi uliojaa vitisho. Tarehe 10 Juni akatekwa mjini Roma, na mwili wake ukaonekana Agosti. Wapinzani wakasusia bunge, wakingoja mfalme achukue hatua. Mfalme yuleyule! Tarehe 3 Januari 1925 Mussolini akatangaza bungeni kwamba dhamana ya yote yaliyotokea ni yake. Hakuna aliyemgusa.

Mwaka 1936 mfalme akaongezewa na cheo cha kaisari wa Ethiopia, nchi iliyokuwa imetoka kumwagiwa gesi ya sumu. Alikipokea.

Alimfukuza Mussolini tarehe 25 Julai 1943, baada ya mabomu kuanza kuanguka Roma. Mussolini alipokwenda kumwona, mfalme akamwambia nafasi yake amepewa mwingine. Nje, ambulansi ilikuwa tayari kumpeleka kizuizini.