Ilikuwa Sare, Mashemeji Wapunguze Kelele

Wacha niseme hii kitu polepole ndio hata wale wa ploti ya nyuma wasikie. Tarehe 4 Julai 2021 pale uwanja wa Nyayo Nairobi, fainali ya kombe la FKF, shirikisho la mpira Kenya, AFC Leopards na Gor Mahia walitoka bila bila. Sufuri sufuri. Hakuna mtu alifunga mwenzake, refa akapuliza filimbi, mechi ikaisha. Sasa hii "nne moja, nne moja" naimbiwa miaka yote hii nikienda kuteka maji inatoka wapi?

Mimi ni shabiki wa Leopards, mtu wa Vihiga, nimeoa Siaya, naishi Nyalenda hapa Kisumu na nauza mitumba soko la Kibuye. Yaani K'Ogalo, watu wa Gor, wamenizunguka mbele, nyuma, kando na kitandani. Watu wa Nairobi wakiita mechi ya Leopards na Gor Mashemeji Derby wanacheka, kwao hilo ni jina la mechi tu, kwangu ni jamaa amekalia kochi yangu na anauliza chapati zimebaki ngapi.

Hiyo Jumapili shem alifika mapema sana. Na kama mnakumbuka, mwezi wa sita serikali ilikuwa imepiga kaunti 13 za huku kwetu kafyu ya corona ya saa moja jioni mpaka saa kumi asubuhi, Kisumu ndani, Siaya ndani, Vihiga ndani, Kakamega ndani, na Nairobi kwenye mechi inachezwa wao wanatembea mpaka saa nne usiku. Timu ni zetu, kelele ni yetu, presha ni yetu, masaa wakapewa wao. Shem alikuwa amepiga hesabu zake vizuri, maana mtu hatembelei shemeji yake wakati wa kafyu akiwa na mswaki kwa mfuko wa shati kama hana mpango.

Mechi yenyewe sitaongea sana, ukisikia bila bila unajua tu. Sisi tulikuwa na kocha Mbelgiji, Aussems, yule alikuwa Simba kule Tanzania, na mimi nilikuwa nimejiambia safari hii kuna akili kwa benchi, tutulie. Nikatulia kweli. Tatizo lilikuja kwa penalti, na nataka niwaeleze tatizo lenyewe kwa sababu hakuna mtu anaelewa vile niliteseka.

Sisi tulikuwa tunatazama kwa simu ya shem, bando imepumua mara mbili tatu, picha inakuja ikichelewa. Jirani naye ako na redio, na redio iko mbele ya simu. Kwa hivyo kijana wa Gor kwa simu bado anaweka mpira chini anautengeneza, huku nje ploti yote ishapiga nduru, mabati yanagongwa, kuna mama anakimbia na mwiko. Sawa, hiyo naweza kuvumilia, adui akifunga utasikia tu. Lakini sasa ikawa zamu yetu. Kijana wetu kwa simu anatembea kutoka katikati, anapangusa uso, anashika mpira, na nje nduru ya furaha inalia. Mimi nishajua amekosa na yeye mwenyewe hajajua! Anarudi nyuma hatua zake, anavuta pumzi, anaangalia kipa, na mimi naongea na simu, "Kijana rudi nyumbani, usipige, hii kitu ilishaharibika hapa Nyalenda." Akapiga. Shem alikuwa ameshaanza kucheka kabla mpira haujatoka kwa mguu.

Gor wakapiga nne wakaweka zote nne. Sisi tukapiga tatu, moja ikaingia. Halafu ikaisha hapo! Ati hesabu imekataa, hakuna haja ya kuendelea. Na zile mbili zetu zilibaki? Ukilipia mandazi tano upewe tatu, na mbili kati ya hizo tatu zimeungua, si utashika mtu shati? Mimi matumaini yangu yote yalikuwa kwa penalti ya tano, na ya tano haikupigwa, kwa hivyo hakuna mtu anaweza kuniambia ati ingekosa.

Nikamwambia shem kwa heshima, mulamwa, tuongee sheria. Sheria namba 10 ya mpira inasema penalti za kuamua mshindi zinapigwa mechi ikiwa imeisha. Imeisha! Kitabuni mechi ni sare. Hizo penalti ni shughuli za baada ya mechi, kama vile wachezaji kubadilishana jezi na kuhojiwa wakitoa jasho.

Akanyamaza kidogo, akamega chapati yangu, akasema, "Omera, hata kombe hupeanwa mechi ikiwa imeisha. Lako liko wapi?"

Sikumjibu. Mtu akiwa kwako unampa nafasi ya kuongea. Saa moja ikapita, mlango ukafungwa, mimi na mshindi ndani ya nyumba moja mpaka alfajiri, kwa amri ya serikali. Usiku wa manane nikasikia mtu anacheka pekee yake kwa kochi. Nikauliza kuna nini, akasema hakuna kitu shem, nimekumbuka tu. Saa kumi ikafika, kafyu imeisha, barabara iko wazi, nikafungua mlango kabisa apate upepo. Akasema acha kwanza chai iive.

Na msifikiri mimi ni mgeni kwa hii timu. Mzee wangu aliita hii timu Abaluhya, jina ilianza nalo 1964, na hata walipoambiwa wabadilishe majina ya kikabila 1980 yeye hakubadilisha. Nimerithi uvumilivu. Ligi tulichukua mara ya mwisho 1998, kijana wangu nikimwambia ananiangalia kama mtu alipigana Mau Mau. Hilo kombe la 2017 tulifunga Kariobangi Sharks mchana peupe, mpira kwa wavu, bila kupanga watu foleni kama wanachukua relief. Hiyo ndio kushinda.

Ningepata nafuu kwa mpira wa Uingereza lakini huko nako mimi ni Chelsea. 2022 tumecheza fainali mbili na Liverpool, ile ya kombe la ligi Februari na ile ya FA Mei, zote bila bila mpaka dakika 120, yaani dakika 240 Liverpool hawajanifunga hata moja, na makombe yote mawili wakaenda nayo. Ile ya kwanza sisi tulitoa kipa Mendy tukaingiza kipa mwingine, Kepa, maalum kwa penalti. Maalum! Akapigiwa 11, zikaingia 11, halafu yake mwenyewe akapeleka juu ya goli huko. Ikaisha 11 kwa 10. Shem ni nani? Liverpool. Nani alikuwa kwa kochi? Msiniulize, na hapo hata kafyu haikuwa.

Sasa mwisho wa mwaka jana tukaenda Siaya kwa wazazi wa mama watoto. Tumekula vizuri, mbuta, ugali ya mtama, kila mtu amenyoosha miguu, nikajua leo nimepona. Mzee akasafisha koo. Akaniuliza kwa upole, "Baba, ile hesabu yetu ya ng'ombe imefika wapi?" Mimi nikaona hii nitaipita na mzaha, nikamwambia, "Mzee, kwa sasa naona ni kama tuko sare."

Kumbe shem alikuwa mlangoni. Akamwambia mzee hilo neno sare huyu jamaa analipenda sana, na akaanza kueleza yote, Nyayo, simu, redio, sheria namba 10, mpaka mama mkwe akatoka jikoni kusikiliza. Mzee akatulia, akapiga hesabu kwa vidole, akasema yeye si mtu mgumu, na kama watu wako sare na jambo lazima liamuliwe basi atatumia matokeo yale yale yanajulikana. Nne moja. Mimi nilete nne, yeye achinje moja tule.

Mama watoto akaandika kwa daftari, akaweka na tarehe.

Kwa hivyo kama kuna mtu kwetu Vihiga, upande wa Luanda ama Majengo, anauza ndama bei ya ndugu, aniambie. Na asiwe shabiki wa Gor.