Mzee mwenye dimenshia apewe paka? Kwanza tuulize nani atamtunza huyo paka

Ukiwaambia watu mama yako au baba yako kapata dimenshia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, haichukui muda utaambiwa mtafutieni paka, au kambwa kadogo ka kumliwaza. Wengine nao wanakataa katakata, eti mnyama na mgonjwa wa akili wapi na wapi. Mimi naona pande zote zina haraka.

Tuanze na uzuri maana upo kweli. Mtu mwenye dimenshia maneno yanampotea taratibu, kuongea kunakuwa mtihani, kila anayekaa naye anamuuliza unanikumbuka mimi ni nani, leo siku gani, na akikosea anaona kabisa sura ya mwanae inavyobadilika, hilo bado analiona vizuri sana. Mbwa hamuulizi kitu. Hajali kama jina lake limesahaulika, anakuja anaweka kichwa mapajani basi, mkono unaanza kumpapasa wenyewe, na hata mtu ambaye hajaongea tangu asubuhi unaweza kumsikia anamsemesha. Kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2002, wa chuo cha Purdue, waliwafuatilia wazee 62 wenye Alzheimer, ile aina ya dimenshia inayowapata wengi zaidi, wakaweka matangi ya samaki pale wanapolia chakula na wazee wakala zaidi, uzito nao ukaongezeka. Samaki tu jamani, hata hawashikiki! Aliyewahi kuuguza anajua kupungua uzito kunavyotisha kwenye huu ugonjwa, mgonjwa anainuka mezani sahani haijafika nusu, sasa akiwa na kitu cha kutazama anakaa.

Ila tusizidishe chumvi. Cochrane, wale wanaokusanya tafiti na kuzipima upya, 2019 waliangalia tafiti 9 zenye jumla ya watu 305 kuhusu tiba ya kutumia wanyama kwa wenye dimenshia, wakakuta dalili za huzuni huenda zinapungua kidogo, lakini kwenye ubora wa maisha hakukuwa na tofauti ya kueleweka na ushahidi wenyewe dhaifu. Hakuna aliyeripoti hao wanyama wenyewe walikuwaje, na hapo ndipo panaponiuma, kwa sababu mnyama naye ana njaa na ana maumivu.

Hebu fikiria paka wa mtu anayesahau. Leo kalishwa mara tano, kesho hajalishwa kabisa. Mlango umeachwa wazi. Mzee kamwonea huruma anapiga chafya kampa kidonge chake cha paracetamol, na paracetamol inaua paka, hata kidonge kimoja kinatosha. Halafu kuna kuanguka, huko Marekani kituo chao cha kudhibiti magonjwa, CDC, kiliwahi kukadiria majeraha zaidi ya 86,000 kwa mwaka ya watu walioanguka kwa sababu ya mbwa na paka, na kwa mzee nyonga ikivunjika maisha yanageuka. Jioni pia, wagonjwa wengi jioni ikiingia wanachanganyikiwa zaidi, wanaogopa, mbwa yule yule aliyekumbatiwa asubuhi anaonekana ni mnyama kaingia ndani, anapigwa, naye anaweza kung'ata.

Ndo maana wengine wanasema basi tumieni roboti. Kuna Paro, mtoto wa sili (yule mnyama wa baharini mwenye manyoya) wa bandia aliyetengenezwa Japani na Takanori Shibata, ukimpapasa anajitikisa na kutoa sauti, na 2009 Marekani walimkubali kama kifaa cha tiba. Australia walimjaribu kwa wazee 415, matokeo yakatoka 2017, na alisaidia kuliko huduma ya kawaida peke yake, ila walipomlinganisha na sili yule yule aliyezimwa, yaani mwanasesere tu, tofauti ilikuwa ndogo. Wapo wanaosema huku ni kumdanganya mtu mzima aamini kitu kina uhai. Naielewa hoja hiyo na inanigusa, lakini mzee aliyefika hatua za mwisho anayetulia akikumbatia kitu laini sioni heshima gani tunamwongezea tukimnyang'anya. Kosa ni pale roboti anapowekwa mapajani ili watu waondoke zao.

Kwa hiyo mimi nagawa hivi. Kama mnyama alikuwepo kabla ya ugonjwa, msimwondoe ghafla, huyo ni sehemu ya siku ya mzee, anajua muda wake na kiti chake, na akiondoka mzee anaweza kumuulizia kila siku na kila siku akaumia upya kama habari mpya. Mnyama wa kuletwa sasa ni kesi nyingine kabisa. Hapo lazima awepo mtu mzima mmoja mwenye akili timamu aseme huyu ni wangu, nitamlisha, nitampeleka kwa daktari wa mifugo, nitafagia uchafu wake, na mzee akilazwa au akifariki nitabaki naye. Mara nyingi anayesukumiwa haya yote ni yule yule anayemuogesha mzee na kuamka naye usiku, na huyo akisema hapana jamani mumsikilize, ameshabeba ya kutosha. Asipopatikana mtu, mbwa aliyefundishwa anayekuja kutembelea na mwenyewe kisha wakaondoka wote wawili anatosha sana, au tangi la samaki ambalo mtu mwingine ndo analisha na kubadilisha maji.