Mbele ya Tramu Namba 28

Haya, mshatumiwa ile video ya mimi kuanguka mbele ya tramu kule Lisbon. Najua, maana watu ambao hatujasalimiana tangu Idi wananiuliza, "Mgongo waonaje?" Aliyeisambaza namjua, asubuhi ileile alikunywa kahawa ya pesa yangu, na mengi kayaruka. Nitamwita Mhasibu, kwa kuwa safari nzima yeye ndiye aliyeshika hela na kutunyima.

Mpango mnaujua: vijana wanne wa Mombasa tunaosoma Uingereza, mabegi mgongoni, Sevilla ya Uhispania, kisha Lisbon na Porto za Ureno, tukilala hosteli za vitanda vya kupandana. Sevilla ilitushinda kwa tumbo. Chajio cha Wahispania ni saa tatu, saa nne usiku. Ukienda saa moja na njaa yako, unakuta viti vimepangwa na jikoni hakuna moto. Mhasibu akatoa amri: tutajipikia sima. Unga ulikuwapo, pakiti mbili za kilo mbili tulizotoka nazo Leicester, dukani kwa Mhindi. Nani abebe? Mwenye mabega mapana. (Sifa hiyo niliipokea kwa furaha. Wajinga ndio waliwao.)

Basi la usiku likatuvusha mto Guadiana, mpakani mwa Ureno, simu zikarudi nyuma saa moja, na Lisbon ikatupokea kwa manyunyu. Hosteli ilikuwa juu, mtaa wa Graça. Teksi? Mhasibu alicheka tu. Tukapanda kwa miguu kutoka stesheni ya Santa Apolónia, ngazi baada ya ngazi.

Sasa niwaeleze njia za kule. Kando wametandika vijiwe vidogo vyeupe, vimesuguliwa na nyayo za watu miaka na miaka hadi vinang'aa. Vikirowa havishiki kiatu. Katikati zimelala reli za tramu, vigari vya abiria vipitavyo relini barabarani. Na pale Rua das Escolas Gerais ni pembamba, tramu ikipita watu hujibana kwenye milango ya wenyewe.

Kengele ikalia huko juu kwenye kona. Wenzangu wakajibana mlangoni. Mlango ulikuwa na nafasi ya watu watatu, mimi na begi tukabaki nje. Nikasema nivuke upande wa pili.

Mguu wa kulia ukakanyaga kijiwe. Niliuona unakwenda. Nikauambia, "We, rudi!" Haukurudi. Nikauweka wa kushoto juu ya reli umshikize mwenzake, nao ukamfuata. Kwa kitambo nilikuwa hewani, na kilo nne za unga zilikuwa zimeshaamua tunaangukia wapi. Nikatua chali. Sikuumia, begi lilinipokea. Ila ndani yake kitu kikalia pwaa.

Kuinuka sasa. Mkanda wa kifuani umefungwa, wa kiunoni umefungwa, vidole vimekufa ganzi. Nikarusha miguu, nikarusha mikono, mende aliyepuliziwa dawa. Juu yangu palikuwa na kamba ya nguo, na chupi ya mtu nisiyemjua ikinidondoshea maji usoni. Tone. Tone. Nikanyanyua shingo: tramu namba 28, ya manjano, imesimama hatua chache kutoka miguuni pangu, imejaa watalii. Dereva hakukasirika. Heri angekasirika! Alikunja mikono, akanitazama, kisha akagonga kengele mara moja, kwa adabu. Nyuma yake simu zikaanza kunyanyuka, dirisha kwa dirisha.

Bibi mmoja akachungulia ghorofani akapiga ukelele: "Ai, Jesus!" Na mimi mtoto wa Mombasa, katika saa ile ya mauti, kilichonijia akilini ni Fort Jesus. Wareno walianza kutujengea ile ngome 1593. Nami nimekwenda kwao kuwajengea foleni.

"Yakhe, fungua mkanda!"

"Mkono haufiki!"

"Basi bingirika!"

Nikabingirika. Hapo ndipo zipu ilipoachia. Unga ukatoka wote, mweupe, mbele ya tramu, mbele ya kamera, ukanyeshewa ukaanza kuwa uji relini. Watu kimya. Mtalii mmoja akamnong'oneza mwenzake, nikaona wananitazama kwa jicho jipya. Jamani, hebu nifundisheni nyinyi: sima unaielezaje kwa Kireno huku umelala kifudifudi?

Yaliyobaki yalikwenda upesi. Bibi akashuka na ndara na ufagio, akafagia unga, na mimi kidogo. Tramu ikapita, abiria wakapiga makofi, nikawapungia mkono, sijui kwa nini. Tulipofika hosteli, Mhasibu akatuma sauti kwenye grupu la nyumbani: "Kaanguka na unga Lisbon, barabara imefungwa." Mama hakuuliza unga gani. Alipiga simu analia, na mjomba alikuwa keshaanza kutafuta wakili. Hilo Mhasibu kawaambia? Thubutu.

Tukala mkate na samaki wa kopo mpaka Porto. Kule kuna daraja la chuma la Dom Luís I, la 1886, lenye njia mbili, moja juu ya nyingine. Juu hupita metro, na watu wanatembea palepale kando ya reli, hakuna ukuta wa kuwatenga. Wenzangu wakapanda kupiga picha. Mimi nilipita chini, na begi nikamwachia Mhasibu.