Bakapu ya saa nane usiku haitufai

Karibu kila mwongozo wa kupanga bakapu (nakala ya akiba ya mafaili) unasema iweke saa nane usiku, watu wakiwa wamelala. Ushauri huo unafaa kwa seva isiyozimwa. Kwenye duka la dawa au ofisi ya mhasibu yenye kompyuta moja, saa hiyo swichi ya ukutani imeshazimwa, na ratiba iliyopangwa kwa uangalifu haifanyi kazi hata siku moja. Iweke saa saba mchana, watu wanapokwenda kula. Kompyuta inaisoma 1:00 PM. Ukiandika 7:00 AM umepanga saa moja asubuhi, mlango haujafunguliwa.

Windows ina kila kinachohitajika, cha kununua ni diski tu. Robocopy inanakili, Task Scheduler inaianzisha. Kwanza ingia Disk Management uipe diski ya nje herufi ya mbali, tuseme X. Ukiiacha E, siku mtu akichomeka flashi kabla yake, herufi inahama na bakapu inakwenda kwenye flashi ya mteja. Kisha fungua Notepad, andika mstari huu mmoja, ukiweka folda yako mahali pa D:\Hesabu, uhifadhi kwa jina bakapu.bat:

for /f %%d in ('powershell -nop -c "(Get-Date).DayOfWeek"') do robocopy D:\Hesabu X:\Nakala\%%d /MIR /R:2 /W:5 /LOG:D:\logi-%%d.txt

Kila siku ya wiki inapata folda yake, na hapo ndipo uzito wa jambo ulipo. /MIR inafanya nakala ifanane kabisa na asili, ikiwa ni pamoja na kufuta kilichofutwa. Ukiwa na folda moja tu, faili lililofutwa kimakosa asubuhi linatoweka kwenye nakala mchana uleule. Kwa folda saba una wiki nzima ya kugundua kosa. Gharama yake ni nafasi: GB 20 za hesabu zinataka GB 140, na diski ya GB 500 inazimeza bila shida.

Usiache kuandika /R (mara za kurudia) na /W (sekunde za kusubiri). Bila kuambiwa, Robocopy hurudia mara 1,000,000 faili linaloshikiliwa na programu nyingine, ikisubiri sekunde 30 kila mara. Faili moja la Outlook lililoachwa wazi linatosha kuikwamisha kwa karibu mwaka mzima. Programu ya hesabu nayo ifungwe kabla ya kwenda kula.

Kwenye Task Scheduler, unapopanga bakapu.bat ianze, watu wengi huishia kuchagua saa. Ingia kichupo cha Conditions uondoe tiki inayozuia kazi kuanza laptopu ikitumia betri. Tiki hiyo huwapo tangu mwanzo, na umeme ukikatika bakapu ya siku hiyo inapita kimya. Kisha kwenye Settings weka tiki ya kuanzisha kazi iliyopitwa na wakati wake mara inapowezekana. Kesho yake ukiona matokeo yameandikwa 0x1, usihangaike: kwa Robocopy, 1 maana yake faili zimenakiliwa. Tatizo linaanzia 8.

Bakapu ikiisha, diski isibaki imechomekwa. Virusi vya kudai fidia, kama WannaCry ya Mei 2017, hufunga mafaili ya kila diski vinayoifikia, bakapu ikiwemo. Nunua diski mbili, zote uzipe X, ubadilishane kila Ijumaa; moja ilale nyumbani, maana mwizi akibeba kompyuta atabeba na kilicho mezani. Google Drive haichukui nafasi ya diski hizo kama unasawazisha tu (folda ya kompyuta na ya mtandaoni zifanane), kwa kuwa ulichofuta huku kinafutwa na kule, na pipa la taka lake hushika siku 30.

Mara moja kwa mwezi chukua diski hadi kompyuta nyingine, ufungue faili la hesabu la juzi kwa programu yake. Kuona majina ya mafaili kwenye folda hakutoshi. Lifunguke, na salio lilingane na lile la kwenye kitabu.