Mafuta ya Kufikisha Jeni Kwenye Uboho

Asubuhi za Julai hapa Mikindani, chupa ya mafuta ya nazi iliyopo dirishani kwangu huganda ikawa nyeupe kama nta. Ya alizeti iliyo kando yake hubaki maji. Kidato cha nne huwa nawaanzishia hapo somo la kaboni: mikia ya molekuli za mafuta ya nazi, yaani minyororo yake ya kaboni, imenyooka, inalaliana kama kuni kwenye mzigo, mingi ya alizeti ina vipindo, hailaliani, basi haigandi.

Kipindo hicho ndicho kilichonikalisha niandike. Mpwa wangu ana miaka tisa na ana selimundu. Maumivu yakimpanda usiku, dada humkanda miguu kwa kitambaa cha maji ya moto, mimi nampa madafu, tunangoja kuche tumpeleke hospitali. Kosa lenyewe ni herufi moja ya jeni ya himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni: penye A pamekaa T. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha Casgevy, tiba ya kuhariri jeni. Lakini lazima seli zitolewe mwilini, zihaririwe maabara, mgonjwa asafishwe uboho, yaani kiini cha mifupa kinachotengeneza damu, kwa dawa kali, ndipo arudishiwe. Bei yake Marekani ilipotangazwa mwaka 2023 ilikuwa dola milioni 2.2. Dada yangu anauza samaki.

Mimi naamini tiba ya kutufikia sisi itakuja kwa sindano, na ndani ya sindano hiyo mtakuwa na mafuta. Jeni haipenyi kwenye seli peke yake: ni ndefu, ina chaji hasi, na utando wa seli ni wa mafuta. Mwaka 1987 mwanasayansi Philip Felgner na wenzake walionyesha kuwa lipidi, yaani mafuta, yenye chaji chanya inaweza kuibeba DNA ikaingia. Tatizo, chaji isiyozimika huziumiza seli. Kundi la mwanasayansi Pieter Cullis kule Vancouver, Kanada, likashiriki kuunda lipidi zinazojua wakati. Kwenye damu hazina chaji karibu kabisa. Zikishamezwa na seli, ndani ya kifuko chenye asidi, zinapata chaji chanya, zinang'ang'ania mafuta ya kifuko mpaka kinapasuka na mzigo unatoka. Lipidi ya patisiran, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, ina mikia miwili ya jamii ileile ya alizeti. Vipindo vyake ndivyo vinavyosaidia kuuvuruga ukuta wa kifuko. Niliposoma hilo nilikwenda dirishani nikazitazama zile chupa upya.

Ila mafuta haya yanapenda ini. Yakiingia kwenye damu huvikwa protini iitwayo ApoE, na ini huyapokea kama linavyopokea kolesteroli. Mwaka 2025 mtoto mchanga huko Philadelphia alihaririwa jeni kwa njia hii, kwa sababu kosa lake lilikuwa kwenye ini. La mpwa wangu liko kwenye uboho.

Kwa hiyo nataka fedha na akili ziende huko: lipidi ya kufika ubohoni, tena inayovumilia joto. Chanjo ya UVIKO-19 ya Pfizer, nayo hubebwa na lipidi, mwanzoni ilitaka baridi ya nyuzi 70 chini ya sifuri. Anayechora lipidi leo ndiye anayeamua kama wilaya kama Newala, huku kwetu Mtwara, imo au haimo.

Na wachoraji wawemo wa kwetu. Mama alibangua korosho kwa mikono. Alijipaka majivu, na bado vidole vilikuwa vyeusi, ngozi ikibanduka. Mafuta hayo ya ganda hupenya ngozi maana ni lipidi. Si dawa, yanaunguza. Lakini kemikali iitwayo kadanoli inayopatikana humo ina mkia wa kaboni 15, mara nyingi wenye kipindo, na mkemia anaweza kukibadilisha kichwa chake kibebe chaji kama lipidi zile. Maganda tunachoma. Vijana wetu wa vyuo waanzie hapo.

Juzi nilimpa mpwa wangu chupa zote mbili. Aliiinamisha ya nazi, haikusogea. Akaiinamisha ya alizeti, ikatiririka. Akaniuliza ipi itaingia kwenye mifupa yake.

"Zinazofanana na hii zimeshafika kwenye ini," nikamwambia. "Kwenye mifupa bado wanatafuta njia, mjomba."