Anza na leja, wazee wa klabu watafuata

Klabu nyingi za raga ya ridhaa hukumbuka kwamba zina historia pale sherehe za miaka 50 au 100 zinapobakisha miezi michache. Kamati hukaa, mzee mmoja anayesifika kwa kumbukumbu hukabidhiwa kazi, na kinachotoka ni kijitabu chenye wenyeviti wote, makombe yote, na ile mechi moja ambayo kila mtu anadai aliicheza. Kwa maoni yangu hayo ni majigambo. Historia yenyewe imelala kwenye madaftari ya mikutano na, zaidi ya hapo, kwenye leja, yaani daftari la hesabu, la mweka hazina.

Mweka hazina hakuandika ili asifiwe, alitaka hesabu zikubaliane tu. Kodi ya uwanja ikikatika ghafla, klabu imehama au imefukuzwa. Malipo ya basi yakikosekana msimu mzima, mechi za ugenini huenda hazikuchezwa, hata kama kadi ya ratiba inazitaja zote. (Kadi ya ratiba huchapishwa kabla ya msimu kuanza. Ni orodha ya matumaini, na wengi huinakili kana kwamba ni orodha ya matokeo.) Gawa jumla ya ada kwa kiwango cha ada cha mwaka ule, upate wanachama waliolipa kweli, ambao mara nyingi ni wachache kuliko wanaosimuliwa. Tazama pia gharama ya kufua jezi. Kama hakuna aliyelipwa, basi kuna mtu aliyefua jezi 15 zenye tope kila wiki bila malipo, na kwa kawaida jina lake halimo kwenye kijitabu.

Mwaka wa kuanzishwa ndio unaoleta ugomvi. Klabu ina siku tatu za kuzaliwa: mechi ya kwanza, mkutano wa kwanza wenye katibu na katiba, na siku ya kusajiliwa na chama. Kila kizazi huchagua ile ya zamani zaidi. Andika zote tatu, na kila moja ueleze umeipata wapi. Raga yenyewe imetufundisha kwa aibu: kisa cha mwanzo wake, cha mwanafunzi wa shule ya Rugby William Webb Ellis kuudaka mpira na kukimbia nao mwaka 1823 kilianza kuandikwa na Matthew Bloxam, aliyesoma shule hiyohiyo, mwaka 1876, miaka minne baada ya Ellis kufariki, na hakuna aliyeshuhudia aliyepatikana. Kama klabu ilisimama kwa sababu ya vita, sema ilisimama. Pengo la miaka sita si fedheha.

Sasa matokeo. Hapa hesabu ndogo inaokoa mambo mengi, kwa sababu thamani ya alama imebadilika. Kuanzia miaka ya 1890 trai (kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani) ilikuwa alama 3 na mkwaju wa ziada unaopigwa baada yake 2, penalti 3, na bao la kudondosha mpira na kuupiga likiwa 4 hadi lilipopunguzwa kuwa 3 mwaka 1948. Trai ikapanda kuwa 4 mwaka 1971, kisha 5 mwaka 1992. Kwa hiyo kati ya 1948 na 1971 timu haikuweza kumaliza mechi ikiwa na alama 1, 2, 4 wala 7. Ukikuta ushindi wa 7–0 wa mwaka 1960, kuna aliyekosea tarehe, aliyekosea tarakimu, au aliyetumia kichwa cha leo, maana trai iliyokamilishwa na mkwaju wakati ule ilikuwa 5. Kati ya 1971 na 1992 alama zisizowezekana ni 1, 2 na 5. Kwa mechi za 1971 na 1992 zenyewe angalia mwezi, kwa kuwa mabadiliko hayakuanza kila mahali siku moja. Kabla ya 1886 mshindi aliamuliwa hasa kwa mabao, yaani mpira kupigwa ukapita kati ya milingoti, kwa hiyo usibadilishe matokeo ya wakati huo yawe alama. Yaache yalivyoandikwa.

Picha za timu nazo hudanganya watu makini. Wachezaji 20 kwenye picha ya mapema miaka ya 1870 si kosa la mpiga picha, maana mechi za kimataifa zilihamia 15 kwa 15 mwaka 1877. Usimtambue mtu kwa namba ya jezi. Zamani namba 1 iliweza kuwa ya beki wa mwisho, na klabu za Uingereza za Leicester na Bristol zilivaa herufi. Skani picha ndogo kwa dpi (nukta kwa inchi) 600, kurasa za daftari zinatosha kwa 300. Majina nyuma ya picha yaandikwe kwa penseli laini pembeni, kamwe si kwa kalamu ya wino, na gundi ya utepe isiguse chochote. Nakala ziwe tatu, moja ikae nje ya jengo la klabu. Majengo ya klabu huungua, na kabati la kumbukumbu huwekwa karibu na jiko kwa sababu nisizozielewa.

Wazee wahojiwe baada ya hapo, ukiwa na jedwali la tarehe, mpinzani, uwanja, matokeo na chanzo. Wahoji mmoja mmoja. Ukiwaweka pamoja, mwenye sauti kubwa ndiye anayeandika historia. Usiulize nani alikuwa bora. Uliza nani aliendesha basi, walibadilishia nguo wapi, na kikosi cha tatu kilicheza na nani. Wanachama wengi hawakuwahi kuvaa jezi ya kikosi cha kwanza, na kitabu kinachokitaja kikosi cha kwanza peke yake kimewaacha wenye klabu yao nje.

Kuhusu fedha kwa wachezaji, kuwa mkweli. Klabu za kaskazini mwa Uingereza zilijitenga Agosti 1895 kule Huddersfield kwa sababu ya mgogoro wa kuwafidia wachezaji mshahara waliopoteza siku ya mechi, na raga ya wachezaji 15 iliendelea kukataza malipo hadi Agosti 1995. Leja ya miaka hiyo ikionyesha “usafiri” wa mtu anayeishi jirani na uwanja, nakili mstari kama ulivyo, ficha jina kama yuko hai, na usiandike tafsiri yako kama ukweli.

Na picha ambayo nyuso nne hazijulikani, usizibunie majina. Chapisha nakala kubwa, itundike ukumbini, funga penseli kwa uzi pembeni yake, na uiache hapo msimu mzima.